Mashine Iliyopewa Pole

Methusela alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu Chumbageni kulipwa mshahara kwa kuzungusha mkono. Ofisi moja ya mkonge pale mjini ilikuwa na mashine ya kujumlisha, dude jeusi la chuma lenye vitufe mbele na mkono wa kuzungusha ubavuni, na katika makarani wote ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuigusa. Kabla yake aliigusa Mhindi, na kabla ya Mhindi, Mgiriki. Basi Methusela akawa anatembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa, na asipotazamwa anakohoa kidogo.

Alikuwa na maoni. Jioni akikaa kwenye benchi la Mzee Zubeiri, muuza kahawa, aliyamwaga bila kuombwa. Alisema itakuja siku kila ofisi iwe na mashine, na mashine yenyewe iwe inajizungusha. Alisema watoto shuleni wanaimbishwa hesabu za kuzidisha kama kasuku, wakati kichwa kimeumbwa cha kuuliza, na kuimba tuwaachie kwaya. Alisema wasichana wapelekwe shule sawasawa na wavulana, kwa kuwa mashine haijawahi kumuuliza mtu kama ana ndevu. Mwisho alifika kwenye mila. Mila yoyote ambayo mwenyewe hawezi kuieleza kikombe kimoja cha kahawa kikiwa bado cha moto, alisema, ni ya kutupwa.

Mimi nauza machungwa ya Muheza. Nilianza na tenga moja la kukopa, na najua mali nzuri ikitangazwa vibaya. Maoni ya Methusela mengi yalikuwa mali nzuri, lakini aliyauza kwa kumwambia mnunuzi kwanza kwamba ni mjinga. Hata Mzee Zubeiri, ambaye binti zake walikuwa wanasoma, alikuwa akimaliza kumsikiliza anataka kuwarudisha nyumbani.

Mambo yalimfika mwaka wa hamsini na sita. Ofisi ilitakiwa kupakwa chokaa mwisho wa juma, na bwana mkubwa hakutaka mashine ibaki na wapaka chokaa. Akamkabidhi Methusela aende nayo nyumbani, kwa sharti moja: Jumatatu saa moja na nusu asubuhi iwe juu ya meza yake, nzima. Isipokuwepo, na yeye asiwepo tena. Ijumaa mchana tukaiona ikiletwa juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka, na Methusela pembeni akiukataza mkokoteni usiruke mashimo.

Ijumaa hiyo hiyo jioni mama mkwe wake akafariki.

Mama Anjela alikuwa bibi wa Kishambaa aliyeshiba miaka, akikaa kwa binti yake Kristina, mke wa Methusela. Hakuna aliyesema amekufa mapema. Kila asubuhi aliweka kigoda chake barazani, na alichokuwa akisubiri ni Msafiri apite. Msafiri ni Mnyamwezi, hamali wa kubeba marobota ya katani bandarini, na Wanyamwezi na watu wa huku ni watani tangu babu zetu. Bibi alimtukana, Msafiri akamtukana, kisha bibi akamkatia muhogo wa kuchemsha aende nao kazini. Siku ambayo hawakutukanana, Kristina aliniambia, mama yake hakuwa akila vizuri.

Sasa kila mtu anajua kazi ya mtani kwenye msiba. Ndiye anayelala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kitu, ndiye anayemuigiza marehemu, ndiye anayewachekesha waliolia mpaka wakachoka. Na anachokichukua msibani si wizi. Unakikomboa kwa maneno mazuri, basi.

Methusela aliamka Jumamosi akabandika karatasi mlangoni. Ibada saa nne, mazishi saa sita, chakula saa nane, na kufikia saa kumi waombolezaji wawe wamerudi makwao, matanga yamekwisha, watu wana kazi. Chini kabisa aliandika kwamba watani hawatahitajika.

Mzee Zubeiri akamwambia, "Mwanangu, mtani haajiriwi. Utamwachishaje kazi?"

Methusela akamjibu kwamba mambo haya hayana maelezo.

Makaburini Msafiri alisimama mbali, kanzu yake safi, hakusema neno. Mtani akinyamaza msibani mimi huanza kuangalia mkoba wangu uko wapi. Tuliporudi, Msafiri akiwa ametutangulia, Methusela akaenda chumbani kubadili nguo, akatoka mbio amekamata suruali kiunoni. Mashine haipo.

Haikuwa imekwenda mbali. Ilikuwa uani, katikati ya jamvi la wanaume chini ya turubai, imevishwa kanga nyeusi ya marehemu, na Msafiri amekaa nyuma yake akiizungushia mikono kama mtoto mgonjwa.

"Jamani poleni," alikuwa akiwaambia watu. "Huyu hapa ndiye mkwe. Yule mwingine ana kazi nyingi, amemwacha huyu akae badala yake. Mpeni pole, hasemi sana, ila anajumlisha."

Watu wakapanga mstari. Walimpa mashine mkono, maana mkono ilikuwa nao. "Pole, bwana." Krrk. "Mungu akutie nguvu." Krrk. Kila aliyeuvuta, mashine ikamkubalia. Mzee mmoja wa Kidigo akasema kwa heshima kabisa kwamba huyu mkwe anapokea pole vizuri kuliko yule aliyevaa koti.

Methusela alitaka kuiendea. Kristina akamzuia mlangoni, macho yamevimba, sauti haikupanda hata kidogo.

"Baba Noa, ukimnyang'anya kwa nguvu hawa wote watanyanyuka waondoke. Mama yangu atakuwa amezikwa kama mtu asiye na watani. Mimi sitakaa katika nyumba hiyo."

Basi akakaa. Saa kumi ikapita, hakuna aliyeondoka. Watu walilala pale, na mashine ikalala nao. Jumapili asubuhi waliiwekea uji mbele. Methusela alisimama dirishani akikitazama kile kikombe kilivyokaa karibu na vitufe, na nadhani hajawahi kumtazama mtoto wake kwa hofu ile.

Kufika adhuhuri alikuwa amejaribu kila kitu. Alitoa fedha; Msafiri akasema mshahara anao na mgongo anao. Alitaja polisi, kila mtu uani akajitolea kuwa shahidi, wa upande wa pili. Alieleza kwa maneno ya taratibu jinsi mashine ile ilivyo na magurudumu madogo ndani yasiyopenda vumbi. Msafiri akaifunika vizuri zaidi kwa kanga na kumshukuru kwa kumjali ndugu yake. Ndipo Methusela akaja nyuma ya nyumba kunitafuta.

"Wewe unajua bei ya kila kitu," akaniambia. "Huyu anataka nini? Kesho asubuhi mimi sina kazi."

Nikamwambia umeshinda tangu jana unamwonyesha ulichonacho wewe. Hata siku moja hujauliza yeye amepoteza nini. Kamuulize bei yake, kisha usibishane, maana soko ni la kwake na jua halingoji mtu.

Akaenda. Alivua koti kwanza, jambo ambalo sikumshauri lakini lilikuwa zuri, akabandua ile karatasi mlangoni, akaketi kwenye jamvi mbele ya mashine yake.

"Mtani," akasema, na neno lilimtoka kama jino. "Bei ni nini?"

Msafiri akaiweka sawa ile kanga. "Mama alikuwa ananiambia nini asubuhi nikipita? Niambie kwa sauti yake."

Mkwe na mama mkwe, kwetu, hawatazamani hata usoni. Mkwe hakai alipokaa mama mkwe, hatamki jina lake. Kumuigiza mbele ya watu ni sawa na kumtaka avue nguo. Methusela akageuka kumtafuta mke wake. Kristina alikuwa amekaa na wanawake, kanga mdomoni.

"Sema," akamwambia. "Leo ni ya watani."

Nilidhani hajui. Mtu aliyeita yale mazungumzo upotevu wa wakati angeyasikia wapi? Lakini dirisha la chumba chake lilikuwa linaangalia baraza, na kila asubuhi alifunga tai pale. Akainama, akaweka mkono kiunoni alivyokuwa akiuweka bibi, akakohoa kile kikohozi chake cha ugoro, na sauti ikatoka nyembamba, ya lafudhi tupu ya Kishambaa:

"We Mnyamwezi! Umetembea kutoka Tabora mpaka baharini, na mpaka leo hujaoga? Njoo ule, usije ukanifia hapa mlangoni, sina sanda ya futi zote hizo."

Wanawake walipiga vigelegele, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Mzee Zubeiri ilibidi aweke buli chini. Msafiri alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga iliyokuwa juu ya mashine, na alikaa humo muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji. Mimi niliangalia kwingine. Alipotoka aliikunja kanga, akampa Kristina, akaisukuma mashine mbele ya Methusela kwa vidole viwili.

"Mchukue ndugu yako. Uji hakunywa."

Matanga yaliendelea usiku ule kama kawaida, na Methusela alikaa jamvini akitukanwa na watu wa makabila matano.

Jumatatu alfajiri mkokoteni haukupatikana. Msafiri akajitwisha mashine kichwani, wakashika njia ya mjini, yeye mbele akimsema njia nzima, tai, viatu, miguu, na Methusela nyuma na koti lake akitafuta la kujibu. Mimi nilikuwa nakwenda sokoni, nikafuatana nao. Ilikuwa haijafika saa moja na nusu Msafiri alipoitua juu ya meza iliyonuka chokaa. Methusela akaivuta mkono mara moja, ikajumlisha. Alipumua. Halafu akanyoosha kidole na kumwambia Msafiri kwamba, kwa hesabu zake, kichwa chake ni kipana kuliko meza hii.

Msafiri akafikiri.

"Haijaiva hiyo," akasema, akijifuta jasho. "Lakini umeanza. Kesho nitapita barazani, ulete nyingine."