Maji Matamu ya Nyakasimbi

Nilimsikia vibaya, au nilisikia nilichotaka kusikia? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepangiwa kazi ya bwana shamba Nyakasimbi. Mama mmoja mjane alilima maharage ukingoni mwa bonde. Kiangazi kilipokaza nilimshauri achimbe kisima kifupi na kumwagilia kwa mfereji. Nikamuuliza maji ya pale yakoje.

"Matamu," akajibu. "Ng'ombe wakifika hawaondoki mpaka uwachape."

Nikaandika daftarini: maji matamu. Kwa maana niliyoijua mimi, hayana chumvi. Sikuyaonja.

Baada ya wiki tatu majani yakaungua kingoni, mimea ikadumaa, na juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Nikamwambia ni ugonjwa, nikampa dawa ya kunyunyiza. Ukoko ule niliujua. Ulikuwa na swali lake katika mtihani wangu wa mwisho. Mama alinyunyiza, akanishukuru, akanipa mkungu wa ndizi. Nikaupokea.

Kisha majirani wakataka visima kama chake. Ndipo nilipokwenda kisimani peke yangu, nikaonja. Chumvi, tena ya kukunja uso. Mama alikuwa amenitafsiria tu kutoka Kinyambo: kinachonoga mdomoni ni kitamu, na chumvi ndiyo iliyowanogea ng'ombe. Aliniambia ukweli wote, hata ng'ombe akanitajia.

Jumamosi walikusanyika shambani kwake na majembe. Njiani nilikuwa nimetunga visingizio vinne, na kila kimoja kilimtupia yeye kosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Umekuja kutuonyesha pa kuchimba?"

"Msichimbe," nikasema. "Maharage hayaumwi. Maji yana chumvi, na ni mimi niliyekosea. Ile dawa nilikupa ili kuficha."

Mama alinitazama. "Lakini nilikwambia ni matamu."

"Uliniambia. Sikuelewa, na sikuuliza."

"Kumbe ng'ombe wanamshinda msomi!" jirani mmoja akadakia. Wakacheka wote, isipokuwa mama. Alikuwa ameinama, anapangusa ukoko kwenye shina la mharage kwa kidole gumba.

Nikavua viatu, nikamwomba jembe lake, nikaanza kuufukia mfereji.