Taa Nyekundu Kwenye Pampu ya Bwawa

Mwanangu, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu. Nilikuwa nimesimama kando ya bwawa la kuogelea, na maji niliyokabidhiwa kuyatunza yalikuwa yamemmeza mtu katikati ya wenzake, na hakuna aliyeona.

Turudi nyuma kidogo. Wakati ule dhahabu ilikuwa imepamba moto huku kwetu. Watu walishuka Tarime kutoka Geita, Kahama, na hata kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na nyumba za wageni zikaota kama uyoga. Moja, kwenye barabara ya kwenda Nyamongo, ilikuwa na bwawa la maji ya chumvi. Usicheke, hata mimi nilidhani maji yale yaliletwa kutoka baharini. Kumbe ni maji ya kisima yaliyotiwa chumvi kidogo. Pampu inayapitisha kwenye kifaa cha umeme, na kifaa hicho kinaitumia chumvi kutengeneza dawa ya kuua vijidudu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Nyamisangura, nikaajiriwa kumsaidia Mzee Odhiambo, fundi wa pampu kutoka Shirati, mtu wa maneno machache.

Mzee alikuwa amepanga kila kitu. Asubuhi pampu inakwenda mwendo wa juu kwa muda wa saa mbili, tunapopiga brashi na kuvuta uchafu. Baada ya hapo mwendo wa kati kutwa nzima, ili kifaa cha chumvi kipate maji ya kutosha. Siku moja akafiwa na dada yake huko Migori, akaenda msibani kwa siku nane. Aliniagiza nisiguse mpangilio, na nikiona jambo nisilolielewa nimpigie simu.

Siku ya pili tu meneja akaja kulalamika kwamba pampu ina kelele, wageni wanashindwa kupumzika mchana. Ningeweza kumwambia tumsubiri mzee. Lakini nilitaka aone kuwa na mimi ni fundi. Nikashusha mwendo mpaka wa chini kabisa, nikapunguza na saa za kazi, kutoka kumi na mbili hadi saba. Pampu ikanyamaza. Meneja akanisifu, nami nikatembea siku ile kama bibi harusi. Wahenga wamesema pole pole ndio mwendo. Nilijiona nimewaelewa vizuri sana.

Kesho yake taa ya kifaa cha chumvi, ambayo siku zote huwa ya kijani, ikawa nyekundu. Nikajiambia chumvi imepungua, nikamwaga mfuko mmoja. Taa ikabaki vile vile. Nikamwaga wa pili. Simu ilikuwa mfukoni, ila kumpigia mzee kungekuwa kukiri kwamba nimegusa nilichokatazwa. Ijumaa maji yakaanza kuwa na ukungu. Jumamosi yakafanana na maji yaliyooshewa mchele. Meneja alipouliza nilimjibu kuwa ni chumvi mpya, bado inayeyuka. Nilisema kwa uso mkavu, na akaniamini.

Jumapili wakaja vijana wachimbaji kutoka Kewanja. Mmoja wao, Nyamhanga, alikuwa ndiyo kwanza amepata mawe yenye dhahabu na alitaka kuwafurahisha rafiki zake. Alikunywa soda, akavua nguo, akaruka upande wa kina. Wenzake wakaendelea na mazungumzo. Baada ya muda mmoja akanifuata.

"Dada, umemwona Nyamhanga? Nguo zake ziko pale."

Nikatazama majini. Sakafu haikuonekana kabisa. Mimi sijui kuogelea mpaka leo, mwanangu. Nilichukua mti mrefu wa brashi nikaanza kupapasa chini, nikienda hatua kwa hatua, mpaka ukagusa kitu laini. Nikapiga kelele. Dereva mmoja wa magari makubwa akajitupa, akamtoa. Bahati yetu alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza. Akamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, tena na tena, hadi kijana akatapika maji na kukohoa. Wakamkimbiza hospitali.

Jioni ile meneja alikuwa ameshapata la kusema: kijana alikuwa amelewa. Mimi nilijua hakulewa. Nikanyamaza.

Jumanne Mzee Odhiambo akarudi. Hakuweka hata begi chini. Alisimama kando ya bwawa, akaingia chumba cha pampu, kisha akaniita. Nikamwamkia.

"Marahaba. Taa ilipowaka nyekundu, ulielewaje?"

"Nilidhani chumvi imepungua, mzee."

"Uliipima?"

"Hapana."

"Taa ilikuwa inakuambia maji hayapiti ya kutosha, kwa hiyo kifaa kimejizima. Bwawa limekaa siku zote hizo bila dawa." Akanigeukia. "Kushusha mwendo si kosa, Robhi. Hata mimi ningeushusha. Lakini ningeushusha kidogo kidogo huku naangalia taa, na saa ningeziongeza, nisizipunguze. Kosa lako ni kwamba uliona maji hayaonyeshi chini, ukawaacha watu waingie."

Kisha akauliza kama ni kweli kijana alikuwa amelewa, kama alivyoambiwa na meneja. Hapo ndipo nilipolia. Hakunibembeleza. Aliniambia nikanawe uso, niende hospitali, na hatanifundisha neno lingine kabla sijarudi kutoka huko.

Nilimkuta mama yake Nyamhanga kando ya kitanda cha mwanawe. Nikamweleza yote: mwendo wa pampu, taa, chumvi, na uongo niliomwambia meneja. Alikunja na kukunjua kanga yake.

"Tangu juzi wauguzi wananitazama kama mama wa mlevi," alisema. "Rudia maneno hayo, na wao wasikie."

Nikayarudia mbele ya wauguzi na wajomba zake wawili. Hawakunipiga wala hawakunishukuru. Nyamhanga alipona, ingawa alikohoa kwa wiki kadhaa, na bwawani hakukanyaga tena.

Meneja aliposikia alinifukuza. Mzee Odhiambo alimwomba jambo moja tu, aniache kwanza nisafishe nilichochafua. Kwa siku nne tuliiendesha pampu bila kuizima. Tukaosha chujio, tukapunguza maji yale yaliyozidi chumvi na kujaza mapya, tukatia klorini kwa kipimo, mpaka nikaweza kuhesabu skrubu za mfuniko wa bomba la sakafuni nikiwa nimesimama juu. Ndipo nikachukua kifurushi changu nikaondoka. Miezi mingi baadaye mzee alipata kazi kubwa Mwanza, akanitafuta. Kazi hiyo ya pampu ndiyo iliyowasomesha wewe na ndugu zako.

Basi nisikilize, wewe unayeanza kazi. Mficha maradhi kilio humfichua. Utakosea, hilo halina mjadala, lakini kosa likiwa dogo liseme likiwa bado dogo. Usiguse mpangilio wa aliyekutangulia kabla hujamuuliza kwa nini aliupanga hivyo. Chombo kikikuonya, pima kwanza ndipo utibu. Na sifa za mkubwa zisikufanye uhatarishe roho ya mtu. Likitokea baya na ukasikia lawama zinamwangukia asiyehusika, simama useme, hata kama kazi itakwenda. Kazi nyingine hupatikana.

Mungu akulinde uendako, mwanangu. Akupe mikono yenye subira, mdomo usioona haya kuuliza, na watu wa kukuambia ukweli mapema.