Bakuli Nililolijaza Hadi Mdomoni

Mkifika Tulia, nawaomba kitu kimoja tu: msitaje jina langu na neno suruali kwa pumzi moja, maana hata mbuzi wa kule watacheka. Aibu ni yangu na nimeikubali, imenikaa vizuri kuliko hiyo suruali yenyewe. Lakini kwa vile kila mtu anaisimulia anavyotaka (kuna wanaoapa kwamba nilikimbia uchi hadi Mtito Andei, uongo mtupu, sikuvuka hata lango la kanisa), nimeona heri niiseme mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Makueni ila nilioa Tulia, kule Kitui, na sisi Wakamba mtu na mama mkwe wake hawazoeani ovyo. Kuna kitu tunaita nthoni, ile haya ya wakwe: hamshikani mikono, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anakata kona ghafla kama aliyekumbuka amesahau ng'ombe mtoni. Mama mkwe wangu ameishika nthoni kwa mikono miwili. Tangu nioe, alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja hata nikiwa nimekaa mbele yake. "Mwende," anamwambia mke wangu, "muulize mume wako kama atakula pojo." Nami najibu, "Mwende, mwambie mama nitakula," na pojo zinakuja.

Sasa huyo mama ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na kikundi kilikuwa kimenunua trekta kuukuu huko Kambu, imelala nyuma ya gereji mpaka kuku walikuwa wanataga kwenye kiti. Wakaiita Susu, yaani nyanya, na Susu alikuwa na injini iliyokufa kabisa. Mvua ilikuwa inakaribia, na mzee Kilonzo, ambaye ng'ombe wake ndio hulimia kijiji kizima, alikuwa amenuna. "Mmejipatia nyanya wa chuma, sivyo?" aliwaambia. "Basi ng'ombe wangu nimewapa watu wengine. Mvua ikinyesha kabla huyo nyanya hajaamka, msije kulia kwangu." Ina maana Susu asipolima, mashamba ya akina mama wote yangelala na nyasi msimu mzima.

Ni hapo nilipofungua mdomo. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya ufundi wa magari pale mjini Wote, cheti bado kinanukia wino, nikasema, "Mwende, mwambie mama hiyo injini nitaifungua hata nikiwa nimefungwa macho."

Nikaifungua. Nikaweka pistoni mpya, ringi, beringi, gasketi, na kusema kweli (hapa siongezi chumvi, nitaongeza mbele) niliirudisha vizuri. Jumamosi nikaiwasha, ikakataa. Stata inazungusha, injini inakohoa, kimya. Nikakagua nozeli, nikakagua pampu, nikaona dizeli inatoka na mapovu, nikajua kuna hewa kwenye mabomba. Nikalegeza nati, nikasukuma dizeli mpaka mapovu yakaisha, nikajaribu tena: Susu akaamka akaunguruma hadi vifaranga vikaingia chini ya mama yao. Nikaizima. Ningeenda kuoga wakati huo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Lakini lilikuwa limebaki bakuli. Trekta za zamani huvuta hewa kupitia bakuli la oili, vumbi linanaswa pale, na ndani ya bakuli kuna alama inayoonyesha oili iishie wapi. Alama yenyewe iko nusu. Nusu, jamani! Sisi ni watu wa ukame. Kwetu kumpa mgeni kikombe cha nusu ni kumwambia njia anaijua. Nikaitazama ile alama nikamhurumia aliyeichora, nikasema huyu alilelewa na watu wachoyo, na mkononi nina mabaki ya oili ambayo sitayamwaga mchangani kama mtu asiye na wazazi. Nikajaza bakuli hadi mdomoni. Nikalifunga kwa upendo.

Jumapili baada ya ibada tukatoka nje kumwombea Susu. Nilikuwa na suruali ya suti yangu ya harusi na shati jeupe. Akina mama walikuwa wamevaa sare mpya, kitenge cha bluu chenye mananasi ya manjano, mama mkwe mbele kabisa, uso umeelekea pembeni kwa heshima. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama kando ya ua, meno nje. Pasta akaniambia, "Haya, mhandisi, iwashe kwanza tusikie sauti yake, kisha tuiweke mikononi mwa Bwana."

Nikapanda. Nikawasha. Makofi, vigelegele. Nami, kwa ajili ya hayo makofi, nikaongeza mafuta kidogo Susu aimbe. Akaimba. Nikapunguza, hakupunguza. Akapandisha sauti, akapandisha tena, moshi mweupe ukatoka kama wa tanuri la makaa, kwa sababu injini ya dizeli haichagui chakula, ikivuta oili inaila kama dizeli, nami nilikuwa nimeiwekea karamu. Nikavuta waya wa kuzimia: wapi. Nikafunga dizeli: Susu hana habari na dizeli yangu. Bati za kanisa zinatetemeka.

"Pepo!" Pasta akapaza sauti. "Wote rudini nyuma, fumbeni macho, tukemee!"

Wakarudi, wakafumba, wakakemea. Mimi nikabaki na pepo wangu, nikijua kwamba injini ikiendelea hivyo itapasuka, pistoni itatokea ubavuni, na hakutakuwa na kulima mwaka huu. Nikakumbuka madereva wa malori wa Mtito Andei wakisema dawa ni moja tu, izibe pua isivute hewa. "Gunia!" nikapiga kelele. "Nileteeni gunia!" Nani asikie? Nikavua shati, nikang'oa kofia ya bomba la hewa, nikalisokomeza shati humo. Susu akalimeza, nikaona mkono wa shati ukinipungia ukienda. Akaendelea kupiga kelele. Nilikuwa nimebaki na kitambaa kimoja kizito mwilini.

Sikufikiri. Ningefikiri, trekta ingekufa. Nikavua suruali ya harusi, nikaikunja, nikaliziba bomba nayo na kuilalia kwa tumbo.

Susu akakohoa, akatetemeka, akanyamaza.

"Amina!" Pasta akasema, kwa furaha ya mtu ambaye maombi yake yamejibiwa, na kanisa zima likafumbua macho.

Sasa niwaambie kuhusu Mwende. Mwende hatupi kitu. Mabaki ya kile kitenge cha sare alikuwa amenishonea kaptula za ndani. Nilikuwa nimelala juu ya trekta, mananasi ya manjano yametazama mbinguni, sare moja na mama mkwe wangu.

"Kumbe naye ni mwanachama!" akasema mzee Kilonzo.

Mama mkwe alikuwa tayari amegeuka, mgongo kwangu. Akavua leso mabegani, akairusha nyuma bila kutazama. "Mwende, mwambie mume wako ajifunge. Na umuulize kama Susu amekufa."

"Mwende," nikasema, nikijifunga huku nimechuchumaa nyuma ya gurudumu, "mwambie mama hajafa."

"Mwambie mimi sikuona kitu. Na mbuzi wa hicho ambacho sikuona alete Jumamosi."

Mbuzi nilipeleka, ndiyo desturi nthoni ikivunjwa, na alikuwa mnono. Kabla ya hapo nilitoa shati bombani, nikamwaga oili ya bakuli hadi kwenye alama (nilimwomba msamaha yule aliyeichora), na Susu akalima mashamba yote ya akina mama. Mvua ilitukuta kwenye mtaro wa mwisho. Mzee Kilonzo naye alitupa shamba lake moja tulilime, akisema anatuonea huruma.

Nimeapa sitajaza tena chombo kilichochorwa alama. Siyo kwamba nina nafasi ya kusahau. Kila nikienda Tulia chai huletwa, wageni wote vikombe vimejaa hadi vinamwagika, na changu kiko nusu kamili. Mara ya kwanza Mwende alitaka kuniongezea, mama yake akamshika mkono, uso umeelekea ukutani kwa heshima.

"Mwache hivyo hivyo. Huyo akijazwa, huvua."