Mama Aliyeanza Salamu Upya

Ukipenda cheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika zahanati moja hapa Isiolo ninakotunza kompyuta. Pombe sijaionja, na habari za mizimu nilikuwa mtu wa kwanza kuzibeza.

Alasiri hiyo Daktari Halima alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Tawi letu la Sericho lilikuwa limepiga picha ya kifua cha mtoto aliyehema kwa shida. Picha hukaa kwenye seva ya huko, naye huzifungua akiwa hapa kupitia mtandao. Ndogo zilifunguka. Hiyo kubwa, kimya! Bila kuiona hakujua kama amtumie mtoto gari, na gari letu la pekee lilikuwa linawashwa kwenda Kulamawe.

"Fundi, harakisha. Huyo mtoto anaumia," akasema, akatoka kumzuia dereva.

Ndipo nikamwona mama mlangoni, mtandio umejaa vumbi, mkononi kibuyu cha maziwa. "Salaam aleikum. Nagaa?" Ndivyo Waborana wanavyouliza amani, na Mborana hakwambii kilichomleta kabla salamu haijaisha: watu wa nyumbani, mifugo, malisho, mvua. Nikaitikia, kisha nikamkatiza. "Mama, sema shida yako, niko na kazi."

Hakukasirika. Alingoja, akaanza tena mwanzo. "Nagaa? Watu wa nyumbani wako na amani?" Nikamkatiza tena. Akaanza upya, sauti ileile, pumzi ileile. Niamini, nywele zilinisimama. Lakini udadisi ulinizidi hofu. Huyu anangoja nini? Anangoja nafasi ya kusema yote, nami nampa vipande.

Na seva je? Nikachungulia bafa ya soketi, yaani kile chombo kidogo ambamo jibu la seva, kama hiyo picha, huwekwa kabla ya kusafiri. Programu ilikuwa imeagizwa isitume chochote mpaka chombo kiwe na nafasi ya jibu zima. Kumbe chombo chenyewe kilikuwa kidogo kuliko jibu! Hata kikiwa kitupu, nafasi haitoshi. Ingengoja mpaka kiama. Nikakipanua, nikaiwasha programu upya.

Picha ikaanza kuingia. Nikamgeukia mama, nikaitikia yote: watu, ngamia, malisho, mvua. Alipomaliza akasema, "Guyo wangu anakosa pumzi. Mumchukue leo, msingoje asubuhi."

Nikainama kusoma jina kwenye picha. Guyo. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

Daktari na dereva walikuwa wamesimama nje ya mlango huohuo. Hawakuona mtu akiingia wala akitoka. Daktari alipoitazama picha, gari likageuzwa kwenda Sericho papo hapo.

Guyo alipona, namshukuru Mungu. Alikuja na nyanya yake, nami sikuweza kuvumilia, nikamwuliza kuhusu mama mwenye kibuyu.

"Mama yake tulimzika kabla ya mvua iliyopita," nyanya akasema. "Alikuwa na salamu ndefu, huyo."

Siku hizi wenzangu hunitania kwamba nasalimia hata waya. Na wanitanie. Nimezikagua bafa za seva zetu zote, na kila ninapokagua moja, natazama mlangoni.

Nawe, mtu akisimama mlangoni pako akuulize habari za ngamia usio nao, mjibu mpaka mwisho. Hujui ametoka mbali kiasi gani, wala ni nani anayesubiri atakachosema.