Kipande cha Mezani

Siku yangu ya kwanza kwenye banda la video la Itigi, mwenye banda, Mzee Salehe Omari, alinipokea kwa kunipa dumu la petroli. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vya nje vimeanza kuingia nchini, naye ameshusha deki, televisheni na jenereta kwenye treni ya Dar. Akasema, "Mama Neema, hapa kazi ni tatu: mlango, jenereta na kichwa cha deki. Ukisahau kimoja, watu watanichania turubai."

Kichwa ndicho kinachosoma mkanda. Kikishika uchafu, picha inajaa chenga na watu wanapiga miluzi. Nilikifuta kwa pamba na spiriti, taratibu, kama unavyomfuta mtoto jicho.

Mfasiri wetu alikuwa Yohana Mkumbo, aliyefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akitueleza Wazungu wanasema nini. Kizungu chake alikiokota stesheni akipakia mizigo, kwa hiyo mengi aliyatunga.

Mikanda ilibadilishwa, ila mmoja watu waliutaka kila siku ya mnada. Sinema ya zamani, haina rangi, ya mwanamke aliyekufa anayerudi na taa kugonga nyumba aliyoolewa. Yohana alimpa marehemu adabu. Baba mkwe akifungua mlango, marehemu anasema, "Shikamoo baba," na banda zima linaitikia marahaba huku kina mama wamejifunika kanga usoni. Watu wa Kintinku walikuja na mbuzi wakasahau kuuza.

Sasa, tangi la jenereta lilikuwa dogo. Kila mara lilitaka mafuta pale marehemu anapokaa mezani na mumewe. Natoka, nje ni ngurumo tupu, sisikii neno. Nikirudi, wale wawili wameshainuka mezani na Yohana anasimulia. Sinema ile niliiona miaka na miaka, ila kipande kile sikuwahi kukisikia. Nikimuuliza, Yohana ananijibu, "Chunga mafuta yako, mama wa mlangoni. Iko siku nitakusimulia."

Televisheni zikaingia majumbani, banda likafungwa. Mimi nikaenda Manyoni kufagia nyumba ya wageni mpaka miguu ilipokataa. Yohana akaenda Rungwa kwa ndugu zake wenye mizinga. Alipita kuniaga, akanywa uji, akaongea habari za nyuki tu. Sikumuuliza, naye hakusimulia. Akafia huko.

Juzijuzi mjukuu wangu Anna akaipata sinema ile kwenye simu. Pale mezani akanitafsiria: wanagombania nyumba. Nikajua Yohana asingesema hivyo. Nikatamani maneno yake mpaka nikapanda basi kwenda kwa Zuhura, binti wa Mzee Salehe, aliyekuwa akikaa mbele kabisa bandani. Akaniamkia, akanipa kiti, nikamuuliza Yohana alikuwa anasemaje pale.

"Pale alikuwa hasemi kitu, mama."

"Na sinema inakwenda?"

"Inakwenda, watu wanamzomea. Anaegesha fimbo, anatazama mlango. Baba kamgombeza mpaka kachoka. Anamjibu, 'Mpaka Mama Neema arudi.'"

Kazi niliiacha zamani, wajukuu zangu, lakini sinema bado naitazama. Wale wawili wakishakaa mezani, namwambia Anna asinitafsirie.