Usikaze Bushi Gari Likiwa Juu

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nilipomdanganya mtu aliyeniamini. Tangu tumzike Mzee Magesa mwezi uliopita, siku hiyo hainitoki. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi wa magari hapa Mabatini. Shule niliishia darasa la saba. Mengi niliyo nayo kichwani ni yake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, magari ya mitumba yalipoanza kujaa mjini. Lakini gari ninalokusimulia lilikuwa la zamani zaidi, gari la mbio la milango miwili, fupi, tumbo karibu liguse lami. Mwenyewe alikuwa amefariki. Mjane wake, Mama Kabula, alitaka limpeleke Magu kusimika msalaba kaburini kwa mumewe, maana marehemu alilipenda mno. Nyuma lilikuwa limechoka. Likikata kona, mkia unayumba kama wa bata. Bushi, zile pete za mpira zinazoshika vyuma vya magurudumu, zilikuwa zimekwisha. Mpya ziliagizwa Nairobi zikaja na basi, seti moja tu.

Kabla hatujamaliza, Mzee akaitwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, kwenye msiba. Akaniachia neno: "Funga kila kitu likiwa juu ya jeki, lakini nati za bushi usizikaze. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo uingie shimoni ukaze. Ukikaza likiwa juu, siku likishuka mpira unajisokota, halafu unachanika njiani."

Nililisikia vizuri. Ila shimo letu la gereji lilikuwa limejaa maji ya mvua, na kuyachota ni kazi ya nusu siku, nami nilitaka kuwahi mpira uwanjani. Nikakaza likiwa juu. Nikalishusha, nikalipangusa, likang'aa. Kosa kama lile halionekani kwa macho.

Kesho yake asubuhi Mzee alishuka kwenye meli akaja moja kwa moja gereji, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Ulikaza likiwa chini?"

"Ndiyo, Mzee."

Hakuinama kukagua. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, mwanangu.

Mara Mama Kabula akafika na msalaba mfupi wa zege, tukaupakia nyuma ya viti. Jirani yetu mshona viatu akamtania: "Mama, kwa gari la mbio hilo, marehemu atadhani umemfuata kwa ugomvi!"

"Mwache adhani," akajibu. "Alilipangusa hili kuliko alivyonipangusa mimi machozi." Kisha akamgeukia Mzee. "Fundi, panda twende. Alikuwa rafiki yako."

Mzee akanitazama. "Kijana kasema amekaza chini," akasema, akapanda. Gari likadidimia kidogo.

Mama akawasha. Nikajikuta nimesimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti. "Mzee, nimekudanganya. Nilikaza likiwa juu."

Injini ikazimwa. "Katekista ananisubiri, baba!" Mama Kabula akalia. "Watu wamepika!"

Mzee akashuka garini. "Wewe," akaniambia, "huo uongo wako una mabega ya kumbeba mjane na msalaba wake?" Akanionyesha shimo lililojaa maji. "Haya, chukua ndoo."

Nilichota maji mpaka shimo likabaki tope. Tukalisukuma gari juu yake, nao wawili wakarudi kuketi ndani, msalaba ukiwa nyuma yao. Nikaingia chini, nikalegeza nati moja baada ya nyingine. Mpira ukajirudi polepole, kama mtu anayeshusha pumzi. Ndipo nikakaza, watu wawili na zege vikiwa juu ya kichwa changu. Walifika Magu wamechelewa, chakula kimepoa, lakini msalaba ulisimikwa.

Sitakuficha: huenda hata nisingesema wangefika salama. Mpira hauchaniki siku moja. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi sikutaka ifike mwisho wake wakiwa wao ndani. Mzee hakunigombeza tena. Alikagua tu kila nati niliyokaza, kwa miaka miwili, bila neno. Fimbo ingekuwa nafuu.

Basi mwanangu, usiseme "nimeshamaliza" juu ya kazi ambayo haijabeba uzito wake, iwe ya gari, ya ndoa au ya ahadi. Kilichokazwa hewani hujisokota kikishuka ardhini. Na ukikosea, sema gari lingali limesimama, hata kama watu wamekwisha kupanda na wapishi wanangoja. Aibu ya kuchota maji mbele ya watu inakauka pamoja na nguo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mkono mzito wa kazi. Atakayekuamini afike aendako, na wewe ulale usingizi.