Redio Yangu Kwenye Geti la Hospitali

Baba mkwe wangu alijikata na jembe kwenye ugoko, shambani kwake Mpuguso. Akapondaponda majani, akapaka, akaendelea kulima. Alipokuja hospitali kuonyesha mguu, kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka. Nesi akamwambia bila kuzunguka: mzee, uje kila siku kisafishwe, ukizembea mguu huu tutaukata. Maneno hayo mume wangu alinisimulia jioni ile ile tukiwa tunakula, kwa hiyo nisijifanye sikujua. Nilijua.

Sisi tulikuwa tumepanga Makandana, hapa hapa Tukuyu mjini, karibu kabisa na hospitali. Asiyetujua atauliza kwa nini mzee hakukaa kwetu. Haiwezekani. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawakutani. Hanitazami usoni nami simtazami. Nikihisi anakuja njiani nachepuka migombani mpaka apite, na yeye akisikia sauti yangu upande huu anazungukia upande ule. Si ugomvi, ni heshima, na mama yangu alinifunda hivyo kabla sijaolewa. Wakristo wengi siku hizi wameilegeza, wengine hata wanapeana mikono, lakini mzee wangu pamoja na ukristo wake hakulegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu ningeweza kukuelezea kikohozi chake, lakini si sura yake. Basi akafikia kwa mzee mwenzake wa kanisani, upande wa pili wa mji, awe anatembea mwenyewe kuja hospitali. Na mguu ule.

Mimi wakati huo nilikuwa na habari zangu. Zilikuwa siku za ruksa, biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mitumba, betri, sabuni zilizovushwa kutoka Malawi, hata mwalimu ukimkuta barazani kwake ana karanga za kupima. Nikasema na mimi nina sauti, kwa nini nisiiuze? Nikatoka kwenye kwaya, tena kwa maneno, maana mwenyekiti aliniambia nyimbo za Mungu hazipangwi mezani kama nyanya. Nikapanda gari kwenda Mbeya kwa jamaa mmoja mwenye kinanda na chumba alichokiziba kwa mablanketi, nikarekodi. Nikarudi Tukuyu na mfuko wa kanda, nimevimba kichwa, nasubiri kuitwa redioni.

Nani akuite! Dukani walizipanga chini kabisa, nyuma ya soli za viatu. Nikaona nikikaa kusubiri nitazeeka na mfuko wangu, nikajiwekea kazi ya kila siku kama mtu aliyeajiriwa. Asubuhi naanzia stendi, nawabembeleza madereva wa Mbeya wapige kanda yangu njiani. Saa nne niko geti la hospitali na redio kaseti yangu, kigoda na picha yangu kubwa niliyoitoa kopi, nimeibandika kwenye nguzo ya geti. Saa nane nahamia sokoni. Jioni nyumbani nanakili kanda nyingine na kukata karatasi za majalada kwa wembe. Mvua inyeshe, na Tukuyu unajua inavyonyesha, mimi nipo. Majirani walinisema sana, eti mwanamke gani anajibandika ukutani kama mtu anayegombea kura. Nikawajibu kwamba hawanilishi. Mdomo nilikuwa nao.

Geti la hospitali ndilo lililokuwa linalipa. Ndugu wa wagonjwa wanakaa pale na vikapu vya chakula wakisubiri kuruhusiwa kuingia, hawana pa kwenda, na nyimbo zangu zilikuwa za faraja. Niliwahi kugundua kwamba mwenye mgonjwa hununua haraka kuliko mwenye afya. Nikawa namtafuta kwa macho yule anayelia, namsogezea redio. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyokuwa nafanya, na nilikuwa najipongeza kwa akili.

Kuhusu baba mkwe nilijipigia hesabu yangu. Nilisema vidonda hufungwa asubuhi, mzee ni mtu wa kuamka mapema, mpaka saa nne mimi ninafika yeye ameshaondoka zamani. Sikumuuliza mtu. Nesi yupo ndani pale, mume wangu ninalala naye kitanda kimoja, sikuuliza.

Baada ya siku kadhaa nikaanza kumwona mzee wa mwavuli. Alikuwa anakuja taratibu kwa barabara ya chini, anasimama kwenye ua wa miti ya milingoti, mbali kidogo na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi za kuchoma. Anainamisha mwavuli mbele yake, mweusi, mpana, uso wote hauonekani, mvua iwepo isiwepo. Anasimama hapo. Upande mmoja wa kanda unaisha, nageuza, wa pili unaisha, bado yupo. Jamani, nilifurahi. Nikajua nimempata mpenzi wa nyimbo zangu, tena mtu mzima, anaona aibu kusogea karibu na mwanamke aliyebandika picha yake. Nikawa nikimwona naongeza sauti ili imfikie vizuri. Siku nyingine nilichelewa kwenda sokoni kwa ajili yake.

Nikamsimulia mume wangu. "Nina mzee wangu mmoja pale getini, kila siku ananisikiliza mpaka mwisho. Baba yako angekuwa na moyo kama ule!"

Mume wangu alicheka, akaniambia nimpe kanda ya bure.

Nikaamua kumpa kweli. Siku hiyo nilichagua kanda iliyonakiliwa vizuri, nikamngoja, hakutokea. Kesho yake pia hakutokea. Nikamfuata mama wa ndizi, nikamuuliza kama amemwona yule mzee anayependa nyimbo zangu.

"Anayependa?" akasema, huku anageuza ndizi zake. "Yule anakusubiri uondoke. Kwa mguu ule hafiki kabla yako, na kila akifika ananiuliza, yule mama ameshaondoka? Namwambia bado. Wewe ukiondoka saa nane anaingia, anakuta chumba cha vidonda kimefungwa, anarudi. Mguu wenyewe mpaka inzi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani mna kesi."

Nikageuka kutazama nilipokuwa nimekaa. Geti lilikuwa moja, jembamba, mimi nimekaa upande huu na sura yangu imebandikwa upande ule, na katikati ni sauti yangu. Mzee hakuwa na pa kupita. Na kila nilipouona mwavuli wake nilikuwa naongeza sauti, namfukuza.

Nilimkimbilia mume wangu kwenye karakana alikokuwa anaranda mbao. Nilipomaliza kumweleza hakunigombeza. Aliweka randa chini, akaniuliza tu, "Ulikuwa hujui ni baba?" Nikasema sikujua. Akachukua baiskeli ya watu, akaenda. Alimkuta baba yake amelala kwa yule mzee mwenzake, mwili unachemka kwa homa. Kila alipoulizwa pale nyumbani alikuwa anajibu kwamba ameshafungwa kidonda, na bandeji anaigeuza mwenyewe ili ionekane safi. Angesema nini? Kwamba mke wa mwanaye amemzibia njia? Hilo kwa mzee wa aina yake ni kunishtaki, na kunishtaki ilikuwa aibu kubwa kwake kuliko mguu.

Walimkata chini ya goti.

Niliondoa picha, redio nikaifunika kitenge juu ya kabati. Nikawa napika tu. Nilikuwa napika uji na ndizi laini, mume wangu anapeleka, na vyombo vikirudi vitupu najifungia chumbani nalia. Ningekuwa nimemkosea mtu mwingine yeyote, ningelimfuata, ningelipiga magoti nikaomba radhi. Huyu sikuruhusiwa hata kumfikia mlangoni. Kumwendea tu ili mimi nipate nafuu ya moyo, ilikuwa ni kumkosea mara ya pili. Na kutuma samahani kupitia kwa mume wangu nilijaribu, nikaona maneno hayabebeki. Alikuwa ananiuliza, "Nimwambie nini?" nami narudi jikoni.

Halafu jioni moja mume wangu akarudi na vyombo, akakaa, akawa kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Baba anauliza," akasema, "mbona redio haisikiki getini."

Nilidhani ananitania, nikataka kukasirika.

"Wodi yake iko karibu na geti. Anasema amewaambia wagonjwa wenzake wote kwamba yule anayeimba ni mkamwana wake. Walikuwa wanaisikia kabla yeye hajalazwa. Sasa wanamuuliza mbona haimbi. Anasema urudi."

"Amesema hivyo baba?"

"Amesema yeye yuko kitandani, wewe uko nje, hakuna mtu anayekutana na mtu. Heshima haijavunjika."

Nikamwambia siendi. Akasema yeye ametumwa tu, na baba yake hakuomba, ameagiza.

Kesho yake saa nne nilikuwa getini. Picha sikuibandika. Nilikaa nimeipa wodi mgongo, nikageuza redio ielekee madirishani, nikawasha. Mama wa ndizi alinitazama, akarudisha macho kwenye makaa yake. Niliketi nikijisikiliza, sauti ile niliyoipeleka Mbeya kwa kiburi, ikiwaambia watu watulie, wasiogope, njia ipo. Akaja kijana wa kike na kikapu cha chakula, akasema ametumwa na mgonjwa wa ndani, anataka kanda. Nikamuuliza mgonjwa gani. Akasema ni mzee aliyekatwa mguu, anataka jirani yake wa kitanda cha pili apelekewe moja. Nikampa mbili, nikakataa hela yake. Akashangaa, akaniwekea noti juu ya redio, akaondoka. Alisema ameambiwa asiichukue bure.

Nilirudi kila siku mpaka alipotoka hospitali. Niliuza vizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu yeye alikuwa ananitangaza kitanda hadi kitanda, na kila aliyekuja kununua alinisifia baba mkwe wangu, nami naitikia, nimeinamisha kichwa, siwezi kumtazama mtu usoni.